Dereva mbovu hana sura

Gari la mbele linajikokota. Linasita kwenye makutano matupu, indiketa ya kulia inawaka huku lenyewe likielekea kushoto. Hujamwona anayeliendesha, lakini hukumu imeshatoka: mwanamke huyo. Au mzee. Au kijana wa juzi aliyepewa gari la baba yake. Ukifika usawa wake unageuza shingo kuhakikisha. Ukikuta ni mwanamke, unasema ulijua tu. Ukikuta ni mwanamume wa rika lako, husemi kitu; huenda anatafuta nyumba ya mtu, huenda ni mgeni wa njia. Kesi hiyo haiandikwi popote.

Dhana kuhusu madereva wabovu huishi kwa mtindo huo. Anayeithibitisha anahesabiwa, anayeikanusha anapita bila kuonekana, na baada ya miaka kadhaa barabarani mtu anaapa kwamba ushahidi anao. Makosa yetu wenyewe tunayasoma kwa macho mengine: jua lilinipiga usoni, alama ilizibwa na mti, yule wa nyuma alinibana. Sisi tuna sababu, wenzetu wana tabia.

Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Sweden, Ola Svenson, aliwataka wanafunzi wa Marekani na wa Sweden wajilinganishe na wenzao kwa ustadi wa kuendesha. Wamarekani asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu. Waswidi asilimia 69. Nusu haiwezi kubeba watu 93 kati ya 100. Kama karibu kila mmoja anajiona yuko upande wa wazuri, ubovu lazima utafutiwe mwenyewe, na mara nyingi anapatikana yule asiyefanana na sisi.

Kosa linaloudhi na kosa linaloua

Mwaka 1990 James Reason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester waliyapanga makosa ya madereva katika mafungu matatu. La kwanza ni kupitiwa: kuwasha waipa ukitaka indiketa, kusahau ulipopaki, kuondoka kwa gia ya tatu. La pili ni kukosea: kudhani pikipiki inayokuja iko mbali kuliko ilivyo, kutoangalia kioo kabla ya kuhama leni. La tatu ni kukiuka: kujua sheria na kuivunja kwa makusudi, kama kukimbia kupita kiasi, kumgandia wa mbele, kupita pasipopitika. Wanawake walikiri kupitiwa zaidi, wanaume walikiri kukiuka zaidi. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba fungu linalokwenda sambamba na ajali ni lile la kukiuka. Kupitiwa hakuna uzito huo.

Hapo ndipo dhana zetu zinapopotea njia. Anayerudi rivasi mara nne ndipo aingie kwenye nafasi ya kupaki anachekwa na mtaa mzima, na hajamuumiza mtu. Anayepita malori matatu kwa mpigo mmoja, akarudi leni yake gari linalokuja likiwa limeshaanza kuwasha taa, anaitwa fundi. Macho yetu yanapima ulaini: anayekwenda bila kusita ni mzuri, anayesitasita ni mbovu. Lakini ukiukaji mwingi ni laini sana hadi sekunde ile ya mwisho.

Kuhusu jinsia, takwimu za vifo haziungi mkono utani wa mtaani. Duniani wanaume hufa barabarani takriban mara tatu ya wanawake. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wanaume huendesha zaidi, lakini hata ukigawanya kwa kilomita, kama inavyofanywa Marekani, wanaume wanaingia kwenye ajali za vifo kwa kiwango kikubwa zaidi, hasa wakiwa vijana. Kwenye ajali ndogondogo za kukwaruzana bampa pengo hilo hupungua sana. Kampuni za bima zilikuwa zikilijua hili kwa lugha ya fedha: katika nchi nyingi za Ulaya msichana alitozwa bima nafuu kuliko mvulana wa umri wake, mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua mwaka 2011 kwamba kupanga bei kwa jinsia ni ubaguzi. Tangu tarehe 21 Desemba 2012 mikataba mipya huko haitofautishi.

Dhana yenyewe nayo inaweza kuleta ajali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha mwaka 2008 jaribio la wanawake walioendesha kwenye mashine ya kuigiza barabara. Waliokumbushwa kabla ya kuanza kwamba wanawake wanasemwa hawajui kuendesha, waliwagonga watembea kwa miguu wa kuigiza zaidi ya mara mbili ya wasiokumbushwa. Akili inayojilinda dhidi ya dharau haibaki yote barabarani. Kwa hiyo yule anayemkalia mkewe kiti cha pembeni akitoa maelekezo kila dakika huku akiguna, ajue anachochangia.

Vijana ni hadithi nyingine, maana hapo dhana ina ukweli ndani yake. Hatari iko juu kabisa katika miezi ya mwanzo baada ya leseni, kisha inashuka haraka. Hailetwi na mikono dhaifu. Kijana wa miaka 18 ana mikono na macho bora kuliko wetu wengi. Kinachokosekana ni kuona hatari kabla haijawa hatari: mpira ukivuka barabara, anauona mpira, haoni mtoto anayeufuata. Ongeza usiku na marafiki wawili kiti cha nyuma, hatari inapanda zaidi. Ndiyo maana New Zealand, mwaka 1987, ilianza kutoa leseni kwa hatua, ikiwazuia wapya kuendesha usiku wa manane na kubeba abiria bila msimamizi. Cha kushangaza kidogo, dawa ya "wafundishwe ustadi zaidi" haifanyi kazi kama tunavyotamani. Norwei iliwahi kulazimisha madereva wapya kufundishwa kulidhibiti gari kwenye utelezi, na ajali za utelezi miongoni mwa vijana wa kiume zikaongezeka. Walitoka pale wakiamini wameumudu utelezi, wakaingia nao kwa mwendo mkubwa.

Wazee: kiwango cha ajali kwa kilomita huanza kupanda kuanzia miaka 70 na kitu. Lakini sehemu kubwa ya vifo vyao inatokana na mifupa na mishipa isiyostahimili pigo ambalo kijana angetoka nalo na michubuko. Tena wengi wao huendesha kilomita chache, zote za mjini penye makutano mengi, kwa hiyo hesabu ya kwa kilomita inawaonea. Makosa yao halisi hutokea kwenye makutano, wanapokata kuvuka njia ya magari yanayokuja. Ni mara chache utasikia mzee karuka kona kwa mwendo.

Je, mtu wa polepole ni hatari?

Hii ndiyo dhana yenye nguvu kuliko zote, maana ina mtafiti nyuma yake. Mwaka 1964 David Solomon, wa Marekani, alichora mchoro wenye umbo la bakuli: walioendesha karibu na mwendo wa wastani walionekana kupata ajali chache, na wa haraka sana pamoja na wa polepole sana walionekana kupata nyingi. Mchoro huo ukawa silaha ya kila anayependa kukimbia: "Wa polepole ndiye anayesababisha ajali."

Shida ni nani waliohesabiwa kama wa polepole. Wengi walikuwa magari yanayopunguza ili yakate kona, au yanayoingia barabarani kutoka kando. Gari likigongwa likiwa linakata kuingia shambani, mwendo wake ni mdogo kwa sababu ya kukata, si kwa sababu dereva wake ni mwoga. Chuo Kikuu cha Adelaide kilipopima mwaka 1997 magari yaliyokuwa yakienda moja kwa moja kwenye barabara za mjini zenye kikomo cha kilomita 60 kwa saa, upande wa kushoto wa bakuli, ule wa walio polepole, haukuonekana. Kilichoonekana ni kwamba kila ukiongeza kilomita 5 kwa saa juu ya 60, hatari ya kuingia kwenye ajali yenye majeruhi inakaribia kuongezeka maradufu. Kwa 65 ni mara mbili, kwa 70 ni mara nne.

Nisieleweke kwamba polepole ni salama popote. Anayeingia barabara kuu kwa 40 wakati wengine wako 100 anajiweka mahali pabaya. Njia ya kuingilia imewekwa ili ukanyage mafuta. Anayefunga breki katikati ya leni kusoma bango naye vilevile. Lakini lori la 60 kwenye barabara ya 80, linaloonekana kutoka mbali na lenye taa zinazowaka, halimuui mtu. Anayeua ni aliyechoka kukaa nyuma yake.

Na kupita kuna hesabu yake, ambayo wengi hawajawahi kuifanya. Lori linakwenda 70, wewe unalipita kwa 90. Tofauti yenu ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kwa sekunde. Unatakiwa umalize pengo la mita 25 nyuma yake, urefu wake mita 15, urefu wako mita 5, na mita 25 za kurudi mbele yake bila kumlazimisha afunge breki: jumla mita 70. Hiyo ni karibu sekunde 13, na ndani yake umesafiri mita 315 upande usio wako. Anayekuja kwa 90 naye kasafiri mita 315. Kwa hiyo unahitaji kuona barabara tupu zaidi ya mita 630 mwanzoni, hata kabla ya kuweka akiba yoyote. Kama gari lako limechoka na tofauti ni kilomita 10 tu kwa saa, muda unakuwa sekunde 25. Hapo usilipite lori hilo mpaka uone nyoosho refu mno.

Kuchagua mwendo kwa macho, si kwa hasira

Kikomo kilichoandikwa kwenye kibao ni dari ya siku njema: mchana, lami kavu, tairi nzima. Mwendo unaofaa wa sasa hivi unatokana na swali moja: nikiona kitu pale ninapoishia kuona, nitasimama kabla yake?

Kusimama kuna vipande viwili. Kwanza, muda wa kuona, kuelewa na kuhamisha mguu. Kwa dereva aliye macho ni kati ya sekunde 1 na 1.5, na wahandisi wa barabara wa Marekani huweka 2.5 ili wasimwache mtu nyuma. Muda huo gari linaendelea kwa mwendo uleule. Kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6: kwa 90, mita 25 zinapita kila sekunde kabla breki haijashika. Pili, umbali wa breki yenyewe, na huo hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, breki inahitaji umbali mara nne.

Wanafunzi wa udereva Ujerumani hufundishwa hesabu ya kichwani ambayo inafaa popote. Toa sifuri ya mwisho ya mwendo wako. Namba iliyobaki zidisha kwa 3, upate mita za muda wa kushtuka. Namba hiyohiyo izidishe kwa yenyewe, upate mita za breki. Kwa 50: 15 na 25, jumla mita 40. Kwa 80: 24 na 64, jumla 88. Kwa 100: 30 na 100, jumla 130. Ukiikandamiza breki kwa nguvu zote kwenye lami kavu, kipande cha pili hupungua karibu nusu. Lakini lami ikilowa kinarudi palepale, kwa hiyo mimi naona heri kuitumia ilivyo.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kukadiria mita 88 akiwa ndani ya gari. Sekunde unaweza. Tazama mahali barabara inapopotea machoni, iwe ni kona, kilele cha mlima, au ukomo wa mwanga wa taa. Chagua alama iliyopo hapo, nguzo au kichaka, kisha hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" mpaka uifikie. Kwa 50 hesabu isipungue sekunde 3. Kwa 80, sekunde 4. Kwa 100, karibu 5. Kwa 120, tano na nusu. Ikipungua, unakwenda kasi kuliko macho yako yanavyoruhusu. Kwenye njia nyembamba ya gari moja, sekunde ulizohesabu zigawe kwa mbili kabla ya kuzilinganisha na hizo: anayekuja naye anahitaji nafasi yake ya kusimama, na mmegawana umbali uleule.

Usiku hesabu hii inauma. Taa zikiwa dimu humulika vizuri mita 50 hadi 60. Angalia hesabu ya juu: kwa 60 unahitaji mita 54. Kwa hiyo ukiwa dimu kwa ajili ya magari yanayokuja, 60 ndio ukomo wa kuona na kusimama, na mtu aliyevaa nguo nyeusi humuoni hata kwa mita hizo. Anayekwenda 100 akiwa dimu anaendesha kwa kuamini kwamba mbele hamna kitu. Taa za fulu zinakupa mita 100 na zaidi, zitumie kila pasipo na wa mbele, na uzipunguze mapema.

Kilomita kumi kwa saa za nyongeza ndizo watu wanazozidharau zaidi, kwa hiyo tuzitazame kwa karibu. Magari mawili yako sambamba, moja kwa 50, jingine kwa 60. Mtoto anatokea. Madereva wote wanashtuka kwa sekunde 1.5, wote wana breki nzuri inayopunguza kama kilomita 25 kwa saa kila sekunde kwenye lami kavu. La 50 linasimama baada ya mita 35, bampa ikimgusa mtoto nguo. Pale pale, la 60 bado liko kwenye kilomita 43 kwa saa. Linafika likiwa limepoteza kilomita 17 tu za mwendo wake, kwa sababu mita 25 zake za mwanzo zilikwisha kabla ya mguu kufika kwenye pedeli. Rudia kwa 100 na 120: pale la 100 lisimamapo, la 120 linapita kwa 77.

Kwa mtembea kwa miguu tofauti hiyo ni uhai. Makadirio ya Marekani ya mwaka 2011 yanaweka hatari ya kufa ya anayegongwa kuwa takriban asilimia 10 kwa kilomita 37 kwa saa, asilimia 25 kwa 51, na asilimia 50 kwa 68. Sweden ilipopitisha mwaka 1997 sera ya kutokubali kifo chochote barabarani, ilipanga mwendo kulingana na kile mwili unachostahimili: 30 palipo na watembea kwa miguu, 50 penye uwezekano wa kugongwa ubavuni, 70 palipo na hatari ya kukutana uso kwa uso. Mtafiti wa hukohuko, Göran Nilsson, alionyesha kwamba ajali za vifo hufuata mwendo wa wastani kwa kipeo cha nne. Wastani ukipanda asilimia 5, ajali za vifo hupanda kama asilimia 20.

Halafu linganisha na ulichookoa. Kilomita 10 kwa 100 ni dakika 6; kwa 120 ni dakika 5. Dakika moja. Kilomita 10 kwa 20 ni dakika 30; kwa 30 ni dakika 20. Muda huokolewa kwenye foleni, kwa kuondoka mapema au kuchagua njia nyingine. Ubongo wetu hukadiria kinyume: huona kuongeza 20 kwenye mwendo mkubwa kama ushindi.

Yanayobadilisha hesabu

Mvua. Mita za breki kwenye lami kavu zinakaribia kuongezeka maradufu ikilowa. Kuna jambo la pili lisilotoa onyo: tairi kuelea juu ya maji. Maji yakizidi uwezo wa mifereji ya tairi kuyatoa, mpira unaachana na lami, usukani unakuwa mwepesi ghafla na injini inapanda sauti bila gari kuongeza mwendo. Kwenye maji yaliyotuama, tairi yenye upepo wa PSI 32 huanza kuelea karibu na kilomita 94 kwa saa. Ikiwa na 20, karibu na 75. Tairi kipara huelea mapema kuliko mpya. Tairi mpya ina mifereji ya milimita 8 hivi, na nchi nyingi hukataza chini ya 1.6, ila kwa msimu wa mvua mimi ningebadilisha kwenye 3. Ikishaelea, usikanyage breki na usikate usukani. Achia mafuta, shika usukani ulivyo, subiri ishike lami.

Kona. Nguvu inayohitajika kukata kona nayo ni ya mraba. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 100 kwa 60 inadai karibu asilimia 28 ya uzito wa gari kwenye mshiko wa tairi. Kwa 80 inadai asilimia 50. Lami iliyolowa hutoa kama 40. Kona hiyohiyo, tairi hizohizo: kwa 60 unapita, kwa 80 unatoka barabarani. Kujua kona usiyoifahamu inabana kiasi gani, tazama mahali kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Makutano hayo yakikimbia mbele yako, kona inafunguka, endelea. Yakisimama, shikilia mwendo. Yakianza kukujia, kona inabana, punguza sasa hivi wakati magurudumu bado yamenyooka. Breki ya ghafla katikati ya kona inakula mshiko uleule unaokushikilia barabarani.

Mzigo na mteremko. Kwenye mteremko wa asilimia 8, lami ikiwa imelowa, umbali wa breki huongezeka kwa robo. Lori lenye breki za upepo hupoteza karibu nusu sekunde kabla upepo haujafika kwenye magurudumu. Kwa 80 hiyo ni mita 11. Kwenye mteremko mrefu breki huchemka, pedeli inaanza kuzama, harufu inapanda, na hapo umeshachelewa. Ingia gia nzito kabla ya kuanza kushuka, si katikati, maana mwendo ukishapanda gia inaweza kukataa kuingia nawe ukabaki huru.

Jicho lako lenyewe. Baada ya saa nzima kwenye barabara kuu kwa 110, ukiingia mjini 60 inaonekana kama unatembea. Usiamini hisia, tazama spidomita kwa dakika kadhaa za mwanzo. Anayekaa juu, kwenye lori au gari refu, huona lami ikipita taratibu kuliko aliye kwenye gari fupi, na huelekea kukimbia bila kujua. Spidomita yenyewe, kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, hairuhusiwi kuonyesha pungufu ya mwendo halisi. Inaweza kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo ikisoma 100, huenda uko 95. Ila ukifunga tairi kubwa kuliko za kiwandani faida hiyo inaliwa na unaweza kuwa juu ya unachokisoma.

Pengo la mbele. Gari la mbele likipita alama, hesabu sekunde 2 kabla hujaifikia. Mvua ikinyesha, 4. Sekunde 2 hazitoshi kusimama, zinatosha kwako kushtuka huku wa mbele naye akitumia umbali wake wa breki. Zinafeli pale wa mbele anapogonga kitu na kusimama papo hapo, na ndiyo sababu kufuata lori refu usiloona mbele yake kunahitaji zaidi. Mtu akijipenyeza kwenye pengo, rudi nyuma tena. Umepoteza sekunde 2.

Anayekubana nyuma

Hapa ndipo dhana inarudi, safari hii wewe ukiwa ndiye dereva mbovu wa mtu mwingine. Umeweka mwendo kulingana na mvua na mwanga, na nyuma yako kuna mtu aliyeshajua wewe ni nani: anawasha fulu, anapiga honi, bampa yake huioni tena kwenye kioo. Watu wengi wakibanwa huongeza mwendo bila kukusudia, kilomita 5, kisha 10. Wengine hugusa breki kumkomoa, na hilo ni baya zaidi.

Cha kufanya ni kuongeza pengo lako la mbele mpaka sekunde 4 au 5. Yeye hana nafasi ya kusimama, kwa hiyo unahitaji nafasi ya watu wawili: jambo likitokea mbele utafunga breki kwa upole, naye atapata muda wa kuamka. Washa indiketa mapema kuliko kawaida, na gusa pedeli kidogo taa za breki ziwake kabla ya kupunguza kwenyewe. Akianza kukupita, achia mafuta kidogo, umfupishie zile sekunde 13.

Wakiwa wengi, wapishe. Sheria ya California inamtaka anayekwenda polepole kwenye barabara ya leni mbili, akiwa na magari matano au zaidi nyuma yake na hawezi kupitika, atoke kando mahali panaporuhusu. Hata pasipo sheria hiyo, ni akili nzuri. Tafuta mahali papana na pagumu, pasipo kona wala kilele. Washa indiketa mapema, tazama kioo, punguza ukiwa bado kwenye lami kisha toka kando. Waache wapite wote, pamoja na yule wa mwisho aliye mbali kidogo. Kabla ya kurudi geuza shingo uangalie pembe ambayo kioo hakiifikii, maana pikipiki hupenda kuwa hapo, kisha rudi kwenye mwendo uleule uliokuwa nao.